Alama Nne

Kengeja, usiku, umeme umekatika.
Nasahihisha kwa kandili yenye kioo cha ufa.
Swali la tatu: Eleza sababu nne za vurugu
zilizotangulia Januari ya sitini na nne.
Kila sababu alama moja. Mwongozo ninao:
ardhi na karafuu, mipaka ya majimbo,
hila za mkoloni, polisi walioachishwa kazi.

Watoto wameukariri. Karatasi thelathini
zinasema neno moja kwa miandiko thelathini.
Bunduki zilitwaliwa Ziwani, wameandika, na Mtoni.
Mmoja kachora ramani, mishale ya wino mwekundu
inaingia mjini kama siafu waliosikia harufu ya sukari.
Nimempa alama. Mishale yake imenyooka.

Kisha karatasi ya Raya Khatib Mcha.
Mstari mmoja, na chini yake uwazi mweupe:
"Walisusiana mazikoni."

Nikaweka kalamu.

Nilikuwa na miaka tisa alipokufa babu Shaame.
Babu alikuwa Hizbu kwa kadi tu,
kadi aliyonunuliwa na mkwewe, akaitumia
kuzibia tundu la panya.
Asubuhi ile baba alipiga hodi nyumba kumi na moja.
Kwa Mzee Ussi mlango ulifunguka kiasi cha pua.
"Tumekatazwa," akasema. Hakusema na nani.
Ussi, aliyekula na babu sahani moja miaka arubaini,
ambaye mbuzi wa akika ya mwanawe
alitoka zizini kwetu na hakulipwa mpaka leo.

Nilishika kandili. Baba na ami Kheri wakachimba;
ardhi ya huku ina mawe chini, jembe linalia.
Watu wanne walibeba jeneza. Siku nyengine
mabega huyaoni, yanapokezana kama maji.
Siku ile niliyaona, nikayajua moja moja.
Mama alipika wali wa watu mia.
Tukaula siku tatu, mpaka ukachacha.

Hapakulia risasi. Polisi wa Mkoani
hakuandika kitu. Na mwongozo wangu huu,
kurasa zake zote, hautaji
wali uliochacha.

Mwaka wa pili yake, habari zikavuka bahari,
likafuata lori la vijana kutoka Unguja
na orodha ya majina. Aliyeiandika nani? Sijui,
na nisichokijua sikisemi.
Najua tu kwamba S ya Shaame ilikuwa na mkia mrefu,
kama S mbili za Ussi katika daftari la ushirika.
Baba alilazwa kiwanja cha mpira, bakora ishirini na nne.
Nilihesabu. Nilikuwa hodari wa hesabu.

Ussi alikufa mwaka wa themanini na moja, masika.
Baba alitwaa jembe kabla ya adhana,
akarudi na udongo magotini.
Mama akamuuliza, "Umemsamehe?"
Akajibu, "Nimechimba,"
akaomba maji ya kuoga.

Sasa huyu Raya. Kazaliwa themanini na tatu.
Ya babu Shaame hayajui, sijapata kuyasimulia
darasani; hayamo kwenye muhtasari.
Lakini vyama vimerudi, na maduka yao, na milango yao,
na mwezi uliopita bibi yake, Bi Mkasi,
alizikwa na watu sita.
Sikuwamo. Nyumba yangu na yao
zinagawana ua mmoja wa makuti.
Nilimwambia mtoto nilikuwa na kazi, mitihani,
naye akaitikia, "Ndiyo, mwalimu,"
kwa adabu ile inayokata.

Mwongozo hauna jibu hili. Kwa haki ya mwongozo
ni sifuri.
Kandili inafuka, kioo chote cheusi.
Nimeandika nne. Nimekata.
Nimeandika nne tena, na kalamu
imetoboa karatasi.