Haya ya Paka

Mtaani kwetu Mabanga huwezi kuchimba.
Piga jembe, litalia kama kengele,
mkono ufe ganzi hadi begani.
Chini ni jiwe lililokuwa moto,
lilipita hapa bila kupiga hodi,
likalala, likapoa, tukajenga juu yake.

Kapita nilimleta kwa sababu ya panya
waliotafuna mkono wa gauni la bibi arusi.
Siku ya kwanza alitoka uani,
akaparua jiwe, akasogea, akaparua tena,
akanitazama
kama mgeni aliyebanwa na anaona aibu kuuliza msala uko wapi.
Hapo ndipo nilipojua kwamba paka ana haya.
Watu wazima wa Goma wanakojoa ukutani
chini ya maandishi yanayowakataza;
yeye anatafuta udongo wa kufunikia lake.

Basi nikapasua ubavu wa bidoni,
nikajaza mchanga mweusi wa volkeno,
nikaisukuma nyuma ya cherehani.
Haikupita wiki.
Ile haikuwa harufu, zilikuwa kucha:
zilipanda kwenye vitenge vya watu,
zikashika kola, zikashika pindo.
Mama Kaswera alijaribu blauzi yake,
akanusa bega, akaniuliza kwa upole,
"Fundi, hii ilivaliwa na nani kabla yangu?"

Nikanunua javeli.
Javeli na mkojo vikakutana, vikagombana,
mimi ndiye niliyetoka nje nalia.
Kapita alinusa bidoni, akarudi kinyumenyume,
akaenda kumaliza haja yake
ndani ya kapu la nguo za kipaimara.
Nikanyunyiza manukato ya dukani:
nyumba ikanuka kama harusi iliyofanyiwa zizini.

Aliyeniokoa ni Semivumbi, muuza makala.
Alishusha gunia kwenye chukudu,
akasimama kizingitini, pua ikacheza.
Hakucheka. Alikung'uta gunia hadi chini,
akatoa lile vumbi ninalomgombeza kila mara
kwamba ananiuzia uchafu kwa bei ya moto,
akanimiminia viganja viwili vilivyojaa.
"Changanya na mchanga.
Harufu haifukuzwi, fundi. Inapewa mahali pa kulala."

Nilinyamaza kidogo.
Mwezi ule tulikuwa tisa katika vyumba viwili,
shangazi na wanawe wametoka Masisi
na sufuria moja na godoro lisilo na foronya,
na jirani alikuwa ameanza kufunga dirisha lake
kila tulipopika.

Sasa naamka kabla ya wote.
Nachota kwa upawa wa zamani uliotoboka,
mchanga safi unapita, uchafu unabaki,
naufunga kwenye kipande cha gazeti pamoja na habari zake.
Jumamosi namwaga vyote.
Naosha bidoni kwa sabuni ya mche tu,
kwa maji ya ziwa, na maji ya ziwa yana bei,
kisha naianika juu ya jiwe lilelile
lililomnyima paka shimo.
Jua linamaliza kazi.
Mchanga mpya haununuliwi: mlima ulishaumwaga
mwingi kuliko tulivyouomba.

Kuna usiku ambapo mlima wenyewe unanuka kiberiti,
anga imeiva kama jiko, mji mzima unaziba pua,
na hakuna upawa wa kuuchotea ule.
Usiku kama huo nalala macho.
Namsikia Kapita nyuma ya cherehani, kru, kru,
anafukia, ananusa, hajaridhika, anafukia tena,
na mtoto wa shangazi anauliza gizani,
"Anatafuta nini?"
Namwambia alale.

Jana asubuhi niliifunua satini nyeupe
ya arusi ya Jumapili
nikakuta nyayo tano za makala,
moja katikati ya kifua.
Nilipiga kelele, nikamtukana hadi babu yake.
Kisha nikainama, nikaiweka pua pale pale.

Haikunuka kitu.