Kelele za Jua

Huanza saa moja na robo asubuhi,
jua likishavuka ukuta wa kina Kupi:
kwanza mbu mmoja,
halafu mbu na nduguze,
halafu karai zima la mafuta, na dagaa ndani.
Mshale wa mita hupanda hadi tisa
ukatulia hapo, kama mgeni aliyeletewa kiti.

Na chini ya makaango hayo, mahali fulani,
yupo Soilihi wa Moroni, mwalimu wa hesabu.
Kila Jumanne saa nne, kati ya kipindi na kipindi,
ananigongea nukta na vistari.
Uso wake siujui. Mkono wake naujua:
kistari cha mwisho hukiburuza
kama mtu aliyekatikiwa na kandambili.
Miaka kumi na mmoja.
Aliniarifu mkewe kafa kwa herufi saba.
Nikamrudishia pole, herufi nne,
kisha tukaiacha hewa wazi, hakuna aliyegonga.

Sasa namwita, najibiwa na dagaa.

Nilizima umeme wa nyumba nzima,
friji, feni, mpaka taa ya chooni.
Dagaa wako palepale.
Nikatwaa redio ndogo, nikaibandika sikioni,
nikaizungusha vichochoro vya Mkomani
nikigeuka huku na huku kama aliyepoteza pete.
Vijana wa kona wakaniuliza:
“Bi Mwanamize, mpira ngapi ngapi?”
“Sare,” nikawajibu.

Mlangoni kwa Kupi, redio ikapiga ukelele.
Juu ya dari, paneli sita, mpya, zinametameta,
na ukutani inveta ya bei ya chini
iliyonunuliwa bila kuulizwa tabia.

Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga.
Miaka thelathini nilikuwa mpokezi wa redio bandarini,
sheria ya masafa naijua kwa vifungu.
Kupi akafungua friji anipe maji.
Mbele, barafu za kuuza, vifuko vya ukwaju.
Nyuma kabisa, ndani ya kopo la siagi,
vichupa vya insulini vya mamake,
vimelazwa juu ya kitambaa.
“Stima ilikuwa ikipotea siku mbili,” alisema,
“navimwaga vyote. Yeye nikimwambia viko.”
Maneno yangu yakatangulia kurudi nyumbani.

Keshoye nilimpelekea pete nyeusi za feraiti
nilizozing'oa kwenye televisheni mbovu,
nikazivisha waya zake, moja moja.
“Hirizi hizo, Bi?”
“Hirizi. Za mbu.”
Mshale ukashuka hadi sita.
Sita si kimya. Soilihi akawa kama anayenena
nyuma ya mlango, bomba la maji likiwa wazi.
Nikawa mtu wa kuombea mawingu:
wenzangu wanaanua nguo, mimi nakimbilia kitufe,
nina dakika mbili za kuulizia mvi zake.

Jumanne iliyopita, saa nne, jua la utosi,
mbingu haina hata uzi wa wingu,
kelele ikakatika.
Moroni ikaja kama meza iliyopanguswa.
Jina langu. Jina langu tena. Kistari kinaburuzwa.
Kidole changu ki juu ya kitufe,
na sikio langu linamtafuta mbu.

Nikamgongea herufi tano: ngoja.

Kupi hayuko, kaenda sokoni. Mamake kalala.
Taa ya inveta imekufa, friji yatoka jasho.
Nikalifunga kopo kwa pembe ya leso
nikapita nalo kona, mbiombio.
“Bi, nani kafunga?”
Sikuwajibu.
Nikaliweka kwenye friji yangu, kando ya tui la jana,
nikarudi kitini.

Hewa nyeupe. Kengele ya shule ilikwisha kulia.

Saa nane Kupi alikaza waya uliolegea.
Mbu mmoja.
Halafu nduguze.
Nikabandika chai.