Pamba ya Bega

Alinijia saa nne asubuhi, kibarazani, Kiboriloni,
ameshika fimbo mbili nyembamba,
vichwa vimenyonyoka kama kuku wa sikukuu.
Anaeli, yule wa chuo, akatafsiri:
huyu ni Bi Piroska, ametoka Hungaria,
jioni anapiga chombo chenye nyuzi mia na ushee,
pamba ya fimbo imeishia njiani,
na fimbo tupu, anasema, inachoma masikio.

Mimi ni fundi wa nguo. Nikasema sawa.
Pamba ya duka la dawa inalegea.
Nikatazama juu, msumarini:
koti la marehemu Ndewirwa, karani wa kahawa,
la kijivu, mwaka wa tatu halijalipiwa.
Nikafumua bega la kushoto.
Pamba ya zamani, imeshikana, nzito kidogo.
Nikaivisha kila fimbo kichwa,
uzi juu yake mara ishirini, fundo, nikakata kwa meno.
Bei? Akanipa tiketi.

Ukumbi wa chuo cha ushirika. Viti vya plastiki.
Chombo chenyewe ni meza, ina miguu minne na kanyagio.
Kwa kukosa jina nikaiita santuri,
ingawa santuri ya baba ilikuwa sahani nyeusi,
nayo ilizunguka. Hii ilichapwa.

Kwanza akapiga ya kwenye karatasi,
ile ya watu kukohoa kwa zamu.
Mimi muziki sikuusikia, nilisikiliza fundo.
Litashika? Lisifunguke, Mungu wangu,
mbele ya mkuu wa wilaya.
Likashika.

Kisha ya kijijini kwao,
ya kumsindikiza binti anayeolewa mbali.
Mkono ulikuwa umekwisha kuondoka
na nyuzi bado zinasema,
kama nyumba mgeni akishatoka.
Hapo ndipo nilipomwona Mama Ndewirwa, safu ya tatu,
kitambaa cha kanisani, mkoba mapajani.
Nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Mwisho jazi.
Sisi jazi tunaijua: magitaa matatu, tarumbeta,
na bwana mmoja anayemlalamikia mkewe.
Hii haikuwa na bwana.
Ilikuwa fimbo mbili zikikimbizana
kama watoto juu ya bati, zinagombana, zinapatana,
moja inajificha, nyingine inaita,
Anaeli kasimama juu ya kiti,
na bega la kushoto la Mama Ndewirwa
likapanda, likashuka,
likapanda,
mwenyewe hana habari,
uso uleule wa ibada.

Sijamwambia. Nitaanzia wapi?
Pamba imeshavuka Namanga, sandukuni,
inaelekea miji nisiyoweza kuitamka.
Koti liko palepale msumarini.
Upande mmoja umesimama, mwingine umelala,
kama mtu aliyeegemea ukuta
kusikiliza chumba cha pili.