Chupa ya Mitsue

Nasimulia bila kutia chumvi,
maana chumvi ndiyo kesi yenyewe.

Baba yangu, Sakuzo, amekula chumvi nyingi.
Watu wakisema hivyo humaanisha miaka.
Daktari Hatakeyama alimaanisha chumvi:
achari ya figili msimu mzima wa theluji,
supu ya miso asubuhi, supu ya miso jioni,
na sosi ya soya juu ya kitu
ambacho tayari kina sosi ya soya.
Akaandika namba ya presha kwenye karatasi,
akaizungushia duara mara mbili, akanipa mimi,
si yeye.

Nilirudi Yokote Februari, theluji imefika dirishani,
nikaja na sharti langu la zamani:
nikipika mimi, hakuna samaki, hakuna yai.
Sasa na la daktari: chumvi kijiko cha chai kwa siku,
tena kisijae.
Baba akauliza, "Basi umebakisha nini? Maji?"

Nilibakisha maji, ndiyo.
Maji baridi, kipande cha mwani kikavu kama ngozi ya ngoma,
uyoga mkavu sita, usiku kucha bila moto.
Asubuhi yalikuwa na rangi ya chai ya mgonjwa
na ladha inayokuja nyuma,
ukishameza, ukishakata tamaa.

Nilijifunza polepole, na kwa aibu.
Biringanya nilichoma hadi ganda likalia.
Siki kwanza; miso mwisho kabisa, moto ukishazimwa,
nusu ya kipimo cha Mama.
Ufuta uliungua, nikakaanga mwingine.
Tofu ya Jumanne ilikuwa chapwa kama barua ya benki.
Baba aliila yote akitazama ukuta.

Lakini kulikuwa na chupa.

Mama alikinga mwenyewe ule mchuzi mweusi
unaojikusanya juu ya pipa la miso,
mwaka wake wa mwisho wa kuweza kuinua
jiwe la kugandamizia.
Imebaki chini ya nusu. Tone lake moja lingeamsha mawe.
Baba huiinamisha juu ya bakuli
kama anayesalimia mtu.
Ningemnyang'anyaje?

Basi usiku nikachota vijiko vitatu, nikaviweka kando,
nikarudishia maji ya mwani.
Wiki ya pili, vitatu tena.
Mwizi gani huyu, anayeacha malipo.
Baba akidondosha, akionja, akisema,
"Mkono wa Mitsue huu. Hakuna duka linaloweza."
"Kweli," nikijibu, nimeinamia wali.

Aprili hesabu ikakataa.
Yeye anamimina kila siku,
mimi narudishia nilichotoa tu,
na chupa haipungui.
Nikaiinua kwenye mwanga. Nikaonja.
Karibu maji.

Usiku ule nilimkuta jikoni na soksi zake za sufu,
faneli mdomoni mwa chupa,
birika la maji yaliyochemshwa, yakapoa.
Hakugeuka.
"Ikiisha," alisema, "imeisha."

Nikafungua friji nikamtolea kichupa cha jemu:
vijiko vyote nilivyoiba, vyeusi, vizito,
havijaguswa.
Tulikaa pale, friji wazi, inalalamika,
hatujui tuanzie kucheka au nini.

Kulikuwa na tofu ya jioni.
Nikachovya ncha ya kijiti, nikagusa kipande chake,
nikagusa changu.
Baba akatafuna. Akakunja uso wote, hadi masikio.
"Ilikuwa kali hivi?
Miaka arobaini na sita, ilikuwa kali hivi?"
Akafuta jicho kwa mkono wa sweta.
"Mama yako alikuwa anatia chumvi
kama anagombana na mtu."

Kisha akaomba maji.