Kilo Tatu Kasoro

Geti la Machame wanapima kila kitu:
hema, mayai, mtungi wa gesi, choo cha mgeni.
Kilo ishirini, si zaidi, mizani haijui undugu.
Mwaka wa tisa huu nabeba vya watu
na sijavunja hata yai.

Ila siku ile, kutoka duka la Temba mpaka Pasua,
mzigo wa kilo tatu kasoro
ulinitetemesha magoti kama nashuka Barafu usiku.

Nianze na sabuni.
Niliikuta chini ya karai kwa dada Anaeli,
kipande cha mche, kingo zimelainishwa,
na juu yake vitufe vimechongwa kwa msumari:
vinne kulia, msalaba kushoto,
vishimo viwili vya kuzungusha
vimelika kwa vidole gumba.
Dada akasema, "Ya Aikande hiyo. Usiifulie, atalia."

Kumbe kila jioni akitumwa mkaa
hupitia banda la gemu la kina Kiwia,
mia tano mechi moja,
husimama nyuma ya benchi, maana mbele pana wenyewe,
na hutazama mikono, si kioo.
"We dogo, mkaa wako unapoa," wanamwambia.
(Mkaa usiowashwa unapoaje?)

Basi bahasha ya safari ya siku saba ikatoka.
Temba alianzia laki tatu.
"Imetoka Dubai, kaka, haina mkwaruzo."
Nikaigeuza. Mkwaruzo huu hapa, na huu,
na stika ya simba iliyobanduliwa nusu, kichwa hakuna.
Tukakutana laki mbili na kumi, pedi mbili,
moja ina kitufe kinachogoma.
Akanifungia kwenye blanketi la mtoto.
Sikuuliza la nani.

Dada alisema aliyoyasema.
Kwamba ada. Kwamba bati la jikoni linavuja.
Kwamba mtoto wa kike na mashine ya kelele.
Kwamba soli za buti zangu nimezifunga kwa waya.
Yote kweli. Jibu sikuwa nalo, nilikuwa na nyaya tatu,
nyekundu, nyeupe, njano,
na televisheni ya chogo isiyoona mpaka ipigwe kofi.
Luku ilisoma sifuri nukta mbili.

Ilipowaka, kulikuwa na mtu ndani.
Jina: BRAYO. Ligi iko katikati,
mechi kumi na tisa, nafasi ya saba,
beki wa kushoto majeruhi, wiki mbili.
Nikasema, futa, anza yako.
Aikande alishika pedi kama anashika kifaranga,
akalitazama jina lile.
"Mjomba, huyu hakumaliza."
"Ameuza. Au wameuza."
"Ndiyo hapo sasa."

Hakufuta. Alifungua nafasi ya chini yake,
akaandika lake, herufi moja moja,
na mechi ya kwanza akafungwa sita.
Sita! Njia vidole vilizijua,
lakini sabuni haikumfundisha
kwamba kitufe ukikibonyeza kinarudi,
kwamba nacho kinakusukuma.
Alicheka mpaka akakohoa.
Dada, mlangoni, mwiko mkononi unadondosha uji:
"Wetu ni wepi, hao weupe?"

Umeme ukakatika kipindi cha pili.
Hakuna aliyetafuta kibiriti.
Gizani nikasikia bado anabonyeza,
tk, tk-tk, tk.

Jumatatu nilikuwa getini, kwenye foleni.
Kilo ishirini na robo.
"Punguza," askari akasema, hata hakuniangalia.
Nikafungua begi langu.
Katikati ya soksi, kimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari,
kipande cha sabuni.

Nikatoa soksi.