Jalada la Desemba

Misumari ilikuja imefungwa ndani yake,
nusu kilo, ya inchi mbili,
toka duka la Kanji, Mtaa wa Nkrumah.
Baba akaimimina kwenye kopo la maziwa,
akainyoosha karatasi juu ya goti,
akaita: "Jamani, njooni mwone mgeni."

Mgeni: mzee mnene, ndevu za sufi,
koti jekundu, manyoya hadi kwenye pindo,
buti za kuvukia matope ambayo hakuchorewa.
Mama, anachochea mkaa, akatupa jicho mara moja.
"Desemba hii? Keko hii?
Mvueni koti huyo kabla hajazimia."

Mgongoni gunia, na mdomoni mwa gunia
treni, ngoma ya bati,
mwanasesere asiyepepesa macho,
na farasi.
Farasi kichwa tu, na shingo, na singa zake.
Kuanzia hapo kutu ilikwishakula,
kona nzima imekwenda na misumari.

Beatus akamtaka farasi.
Alikuwa na miaka minne, hajajua bado
kwamba kilichochorwa si lazima kipatikane.
Baba hakumjibu. Fundi Dezideri,
aliyechonga vitanda vya maharusi wa watu
hadi randa ikamwotesha sugu,
aliibandika karatasi ukutani
akaikodolea siku tatu
kama mtu anayesoma barua ya deni.

Farasi hajawahi kumwona.
Punda, ndiyo, wale wa kukokota maji kule Mtoni.
Basi toka shingoni kwenda nyuma akakisia:
tumbo la punda, mkia wa punda,
miguu ya mninga, masalio ya madawati ya shule,
singa za katani,
na mwili mzima kijani,
maana ndiyo rangi iliyobaki
kwenye mlango wa zahanati.

Asubuhi ya Krismasi, tumetoka misa,
mtaa wote ulimpanda.
Beatus, mimi, Mwanahawa wa nyumba ya pili
na nduguze watano, na jogoo wao kwa nguvu.
Idi ilipofika akaazimwa, akapelekwa kwao,
akarudi na udi puani na sikio moja pungufu.
Baba akalichonga jingine, halikufanana na la kwanza.

Jana, Mtaa wa Samora,
kwenye turubai la muuza magazeti chakavu,
nikamkuta yule mzee.
Mzima. Kona zote nne.
Nikachuchumaa, magoti yakalia.
Treni ipo. Ngoma ipo.
Mwanasesere bado hajapepesa.
Na chini ya shingo ya farasi
hakuna tumbo. Hakuna mguu.
Fimbo tu,
kichwa kwenye fimbo,
kama ufagio wa kutolea buibui.

"Elfu tano, mama. Hizi hazipatikani tena."
Nikacheka, na kicheko kikagoma kuisha,
hadi kijana akadhani naicheka bei.
"Basi leta tatu."

Sikuinunua.
Nilitembea hadi Mnazi Mmoja na jua lile,
watu wananipisha njia,
mama mzima anaongea peke yake:

Baba, pale hapakuwa na kitu.
Miguu yote minne ilikuwa yako.