Kilo Ishirini na Tatu

Daktari alinionyesha mifupa yangu kwenye skrini:
myeupe, yenye vitundu kama mkate wa kumimina.
"Bi Mwanahawa, inapungua. Ipe uzito," akasema.
"Mifupa haisikii maneno, husikia mzigo."

Basi Jumamosi nikapima chumba cha nyuma,
kile kidogo ambacho Waingereza wamekitenga kwa makasha.
Upana, kanga moja na shubiri mbili;
urefu, kanga moja na nusu, ukitoa mlango
unaofungukia ndani kama mgeni asiyebisha hodi.
Dari iko chini. Mwenye nyumba hataki msumari ukutani.
Na Doreen, upande wa pili wa ukuta, ana masikio ya paka.

Mbaraka, mume wangu, alitaka mashine ya kukimbilia.
Tukaenda kuiona Foleshill, kwa bwana mmoja, Gurdip,
anaiuza nusu bei, haijakimbia hata maili kumi.
Juu yake pameanikwa suruali tatu na shuka la mtoto.
Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dirisha.
Kamba ya nguo tunayo.

Baiskeli isiyokwenda popote? Sitaki.
Usiku kucha nazunguka wodi nisifike popote,
na hiyo angalau nalipwa.
Ya kupiga makasia ilinipendeza, inavuma kama feni,
ila ukiivuta hadi mwisho kichwa kinatokea koridoni.
Na lile jumba la vyuma, kapi na kamba na minyororo,
wenyewe wanaliita kituo kamili.
Kituo cha nini? Cha polisi?

Tukaishia kwenye bohari nje ya Coventry, mvua inapiga bati.
Kijana Callum, shingo pana kuliko paja langu,
adabu ya mtoto wa madrasa,
akanisimamisha mbele ya rafu. "Anza na nne. Au sita."
Nikainua sita. Nikainua kumi.
Akainua nyusi.
Kijana, mimi nawageuza wazee vitandani tangu hujaota meno.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga;
hawakuwahi kumwinua Bwana Pritchard saa tisa za usiku.

Kisha akaniletea dude lenye mpini, kama birika lisilo mdomo.
"Hili unalibeba mkono mmoja, unatembea, mgongo wima.
Zoezi lenyewe linaitwa kubeba sanduku."
Nikacheka hadi Mbaraka akaja kuona nimevunja nini.

Kubeba sanduku!
Miaka kumi na tisa nalifanya bila mwalimu:
ngazi za stesheni, lifti imekufa,
sanduku mkono wa kulia, mtoto wa kushoto,
viatu vya watu, sufuria ndani ya sufuria,
dawa za mama za presha zimeviringishwa ndani ya soksi.
Ule mzani wa ndoano niliacha kuutumia zamani,
maana mkono wangu unajua kilo ishirini na tatu
kama ulimi unavyojua chumvi.
Gramu mia mbili zikizidi, bega linanong'ona: toa sabuni.

"Hili lina ngapi?"
"Kumi na sita."
"Nipe la ishirini na nne."
"Ni zito, mama."
"Najua. Ni sanduku, na kilo moja ya faini."

Tukarudi nalo, na vyuma viwili vya kilo nane,
na mkeka mnene wa mpira, huo ni wa Doreen.
Pauni mia na arobaini. Risiti ninayo.
Mkeka ukakataa kulala mpaka nilipotoa sanduku la bluu.
Gurudumu moja limeng'oka.
Halijasafiri tangu tumzike mama.

Sasa kila asubuhi, nikitoka zamu,
nalibeba chuma langu kutoka mlangoni hadi jikoni,
hatua kumi na sita, nageuka, nabadili mkono.
Leo Mbaraka alikuwa anachemsha chai.
Kwa mazoea tu akanyoosha mkono: "Lete, nikupokee."

Niache, bwana. Nimelilipia.